Kiyoyozi katika pikapu ya mzee: Ni anasa au haja?

Wapo watu ambao wakisikia kwamba fulani ametia kiyoyozi katika pikapu kuukuu ya Peugeot 504 huangua kicheko. Gari lenyewe, watasema, limekula chumvi nyingi kuliko dereva wake, mlango mmoja hufunguliwa kwa nje tu, na mwenyewe anataka baridi kama ya bwanyenye! Kicheko hicho kina haki yake. Hata hivyo, barua iliyoletwa kwenye safu hii na mama mmoja wa Mazeras imetulazimisha kulitazama jambo hili kwa makini zaidi.

Mama huyu anaeleza kuwa baba mkwe wake, mzee aliyepita umri wa miaka sabini, hupelekwa Mombasa mara mbili kila wiki kusafishwa damu kwa sababu figo zimemlemea. Gari la kumpeleka ni pikapu hiyo hiyo ambayo mzee aliinunua ikiwa mpya mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi za biashara yake ya nazi na makuti. Safari si ndefu, lakini msongamano wa malori ya makontena huko Miritini na Changamwe huweza kuigeuza ikawa ya saa mbili. Wakifungua vioo, moshi wa dizeli na vumbi huingia. Wakivifunga, chumba cha dereva huwa tanuri. Na wagonjwa wa figo, kwa wasiojua, hupimiwa hata maji ya kunywa, kwa hivyo mzee hawezi kujituliza kwa chupa ya maji baridi kama tufanyavyo sisi wengine.

Mumewe ameweka akiba ya kutia kiyoyozi. Shemeji zake wanapinga. Wanataka akiba hiyo iongezwe pesa, pikapu iuzwe, na linunuliwe gari dogo la mtumba kutoka Japani ambalo linakuja na kiyoyozi chake. Mzee naye ametamka kuwa pikapu haiuzwi maadamu yu hai. Nyumba imegawanyika, na mama wa watu anauliza kama jambo lenyewe linawezekana ama ni pesa za kutupa baharini.

Linawezekana. Tena limefanywa mara nyingi. Lakini lina mpango wake, na asiyeufuata atapata pikapu isiyopoza wala kwenda.

Kwanza tulipe gari lenyewe heshima yake. Peugeot 504, au Pijo kama wengi waitavyo, ilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka wa 1968 na ikatuzwa kuwa gari bora la mwaka wa 1969 barani Ulaya. Pikapu ilifuata mwaka wa 1979. Watu wazima hawajasahau jinsi Ove Andersson alivyoshinda mbio za Safari Rally kwa 504 mwaka wa 1975, naye Jean-Pierre Nicolas akafanya vivyo hivyo mwaka wa 1978. Hapa Kenya pikapu hizi ziliendelea kuunganishwa Mombasa hadi mwaka wa 2004, Wafaransa wenyewe wakiwa wameshaachana nazo kitambo. Ndiyo sababu vipuri vyake bado hupatikana na fundi anayeijua hahitaji kutafutwa kwa tochi.

Sasa, baridi hutoka wapi? Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu na wasogee karibu. Nyumba nyingi za pwani zingali na mtungi wa udongo. Maji hupenya kidogo kidogo kwenye udongo, yakifika nje hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Muuguzi akikupaka spiriti kabla ya kukudunga sindano, unahisi baridi kwa sababu iyo hiyo. Kiyoyozi ni mtungi uliofungwa usipoteze maji yake. Mahali pa maji pana gesi, na ile itumiwayo sana katika magari, R134a, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sufuri ikiwa haikushinikizwa. Kompresa inayozungushwa na injini huishinikiza gesi hiyo hadi ikawa moto sana. Hupelekwa kwenye kondensa, ambayo ni kama rejeta ndogo mbele ya rejeta ya maji, ikapulizwa na upepo na kugeuka kuwa maji. Kutoka hapo hupita kwenye chupa ya kukaushia unyevu, kisha kwenye tundu dogo la vali iliyo karibu na dashibodi. Ikishatoka tunduni hupanuka ghafla, huchemka, na kunyonya joto la chumba. Feni ndogo hupuliza hewa juu ya mabomba hayo yaliyopoa, na mzee akapata nafuu.

Basi hebu tutazame pikapu yenyewe. Kosa la wengi ni kukimbilia kununua kompresa kabla ya kuuliza kama gari lina uwezo wa kuibeba. Injini ya pikapu hii ina nguvu za farasi zisizofika 100 hata ilipokuwa kijana, na kompresa huweza kudai tatu, nne au tano kati ya hizo. Kwenye barabara tambarare hutahisi kitu. Kwenye kilima, na mizigo nyuma, utahisi, na hapo dereva mwenye busara huzima kiyoyozi mpaka afike juu.

Rejeta ndiyo ya kuchunguzwa mwanzo. Kondensa ikikaa mbele yake, hewa inayoifikia rejeta tayari ni moto. Rejeta iliyoziba kwa kutu ya miaka, ambayo ilikuwa ikijikongoja bila kiyoyozi, itachemsha maji siku ya kwanza ya msongamano pale Changamwe. Isafishwe au ibadilishwe, pampu ya maji ipimwe, na mpira wowote uliolegea utolewe. Kisha iongezwe feni ya umeme mbele ya kondensa. Hii si hiari. Gari likisimama katika foleni, feni inayozungushwa na injini huenda polepole na upepo wa barabarani haupo, na hapo ndipo mgonjwa wetu anapohitaji baridi zaidi kuliko popote.

Feni hiyo, pamoja na klachi ya kompresa na kipulizaji cha ndani, kwa pamoja zinaweza kula kati ya ampea 20 na 30 au hata zaidi. Alteneta ya zamani, ambayo kazi yake ilikuwa taa na redio, haitamudu. Usiku wa mvua, taa na waipa zikiwaka, betri itazimika njiani. Itafutwe alteneta kubwa zaidi, na kila kifaa kipewe waya mnene, fyuzi na relei yake. Nimeona magari ambayo fundi aliunganisha kila kitu kwenye waya mmoja wa redio. Hayo ndiyo magari yanayoungua barabarani huku watu wakisema ni uchawi.

Kompresa yenyewe si lazima iwe mpya. Mafundi wengi huchukua ile ya mtindo wa Sanden kutoka kwa magari ya Kijapani yaliyovunjwa, na mtu akizunguka Kirinyaga Road jijini Nairobi, au kwa wauza vipuri wa Mombasa, hatakosa. Ila atazame matundu yake. Ikiwa yamekuwa wazi rafuni miezi na miezi, unyevu wa pwani umeingia na kuiharibu ndani, hata kama inang'aa kwa nje. Breketi ya kuishika hutengenezwa na mchomeaji, na hapa pana mambo mawili ambayo mwenye gari anapaswa kuyasimamia kwa macho yake: breketi ifungwe kwenye injini, wala si kwenye bodi, kwa maana injini hutikisika na bodi haitikisiki nayo, na puli ya kompresa ilingane sawasawa na puli ya injini. Zisipolingana, mshipi utapiga mayowe mtaa mzima na kukatika kabla ya mwezi kwisha.

Mabomba ya mpira ni lazima yawe ya kiyoyozi. Bomba la petroli au la maji halifai hata kidogo, na miisho yake hubanwa kwa mashine, si kwa klipu. Chupa ya kukaushia unyevu inunuliwe mpya na izibuliwe mwisho kabisa, kwa kuwa kazi yake ni kunywa unyevu na itakunywa ule wa karakana kabla haijafungwa.

Kabla ya gesi kutiwa, fundi hutumia pampu ya kufyonza hewa yote iliyomo, dakika 45 hivi au zaidi, kisha huizima na kutazama geji. Sindano ikipanda, pana tundu. Akikuambia pampu haihitajiki, mshukuru na uende kwa mwingine. Maji yakibaki humo huganda kwenye vali na kuziba njia, au huchanganyika na gesi na mafuta yakawa asidi inayokula kompresa polepole. Wapo pia wanaotafuta tundu kwa kujaza hewa ya oksijeni ya mchomeaji. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta hulipuka. Naitrojeni ndiyo ya kazi hiyo.

Na gesi? R12 ya zamani ilipigwa marufuku kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizipa nchi kama yetu hadi mwaka wa 2010 kuachana na gesi za jamii hiyo. R134a haiharibu ozoni, ingawa inachangia joto la dunia, na mwaka wa 2016 mataifa yalikubaliana pale Kigali, Rwanda, kupunguza matumizi ya jamii hiyo pia. Kwa hivyo gesi isimwagwe hewani ovyo. Kiyoyozi kidogo cha pikapu huhitaji kiasi cha gramu 600 hadi 800 hivi, nayo hupimwa kwa mizani na geji, si kwa kukisia. Ole wenu mkikutana na fundi wa kutia gesi ya kupikia eti ni rahisi na inapoza vizuri. Inapoza kweli. Lakini ikivuja, inavujia ndani ya chumba kilichofungwa vioo, alipokaa mzee, karibu na swichi zinazotoa cheche.

Hapo tumefika kwenye jambo lililonitia wasiwasi zaidi niliposoma barua ya Mazeras. Pikapu ya zaidi ya miaka 40, iliyoishi kandokando ya chumvi ya bahari, haikosi matundu sakafuni, na pengine ekzosi inayovuja. Miaka yote hiyo vioo vilikuwa wazi, na moshi ulitoka ulikoingilia. Siku vioo vikifungwa ili baridi isitoke, moshi huo hubaki ndani. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Humlevya mtu, humpa usingizi, na huua. Kipoza hewa cha chini ya dashibodi huzungusha hewa ile ile ya ndani tu, hakileti mpya. Kwa hivyo sakafu ichomelewe na ekzosi itengenezwe kabla hata kompresa haijanunuliwa. Pesa zisipotosha yote mawili, tengenezeni ekzosi na mwache kiyoyozi. Na hata baada ya hapo, kioo kifunguliwe kidogo kila mara.

Kuna nafuu za bei ndogo ambazo zifanywe mwanzo, nazo zitafanya hata kiyoyozi kidogo kitoshe: mipira mipya ya milango, zulia nene juu ya sakafu na kwenye ukuta wa injini, paa kupakwa rangi nyeupe, na kiti cheusi cha plastiki kuvishwa kitambaa. Chumba cha pikapu ni kidogo, na hiyo ni faida kubwa. Gari la abiria saba halipoi upesi hivyo.

Kuhusu shemeji, hoja yao si ya kupuuzwa. Gari la mtumba linakuja na kiyoyozi, lakini sheria yetu hairuhusu kuingiza lililopita umri wa miaka minane, na bei pamoja na ushuru wake si ya mchezo. Isitoshe, pikapu hubeba mizigo inayoleta chakula nyumbani humo. Mimi naona akiba hiyo itumike kwa pikapu, mradi rejeta, breki, ekzosi na sakafu zitangulie, na mradi fundi aandike kwenye karatasi atakachofanya na asilipwe pesa zote kabla gari halijasimama foleni nusu saa likiwa limewashwa kiyoyozi bila kuchemka. Ikiwa bodi imeoza hata haishiki chuma cha kuchomelewa, basi hapo shemeji wameshinda, na mzee aelezwe kwa upole, na mwanawe mwenyewe, si na mkaza mwana.

Yakishakamilika, msishtuke mkiona maji yakidondoka chini ya gari. Ni unyevu wa hewa, na ni dalili njema. Kibaya ni yakidondokea ndani na kuozesha sakafu mliyoichomelea. Muwe mkiwasha kiyoyozi dakika kumi kila wiki hata majira ya baridi, ili mafuta yafikie sili ya kompresa isikauke. Siku ya kwenda hospitali, pozeni chumba kabla mzee hajapanda. Wakati wa kurudi, punguzeni. Wengi hutoka katika mashine ya kusafisha damu wakihisi baridi, kwa hivyo feni isimwelekee kifuani, na shuka iwe karibu.

Jumapili ijayo tutamjibu mwanafunzi wa Eldoret anayetaka kujua kama inafaa kununua pikipiki kwa mkopo.