Dakika 34 za Ubaoni, Dakika 50 za Safari

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifundisha hisabati, niliwatungia wanafunzi wangu swali ambalo hadi leo hunitia haya. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa Kisumu ni kilomita 280 hewani. Je, ndege iendayo kilomita 500 kwa saa itachukua muda gani? Jibu langu lilikuwa dakika 34 hivi.

Msichana mmoja aliandika dakika 50. Nilimnyima alama zote mbili. Alipoulizwa sababu, alisema babake husafiri kwa ndege hiyo, na tiketi yake huonyesha dakika 50. Nilimjibu kwamba tiketi si hesabu. Darasa likacheka, naye akaketi.

Laiti ningalimwuliza zile dakika 16 zimepotelea wapi! Huko ndiko lilikokuwa somo lenyewe.

Siku nilipopanda ndege hiyo kwa mara ya kwanza, niliketi dirishani huku nikiitazama saa yangu. Kwa dakika kumi nzima tulikuwa tungali chini, tukijikokota kuelekea njia ya kurukia na kungoja ndege nyingine itue. Ratiba huhesabu tangu ndege iondokapo maegeshoni hadi isimamapo tena, si tangu magurudumu yaachapo ardhi. Kisha kuna kupanda. Ndege haipati mwendo wake kamili mpaka ifike juu, na katika safari fupi kama hii hukaa huko kitambo tu kabla ya kuanza kushuka. Rubani naye hafuati mstari wa rula. Hupewa njia na waongozaji wa ndege, na pengine huzunguka ili atue akiukabili upepo. Basi kilomita 500 kwa saa ni mwendo wa katikati ya safari, wala si wastani wake. Zigawe kilomita 280 kwa dakika 50 uone: wastani ni kilomita 336 tu kwa saa.

Najua wapo walimu watakaosema kwamba mtoto sharti aijue kanuni kwanza. Nakubaliana nao. Lakini ni nini kinachotuzuia kuuliza swali la pili? Hata umbali wenyewe wanafunzi waweza kuutafuta. Viwanja hivi viwili vimetengana digrii 1.2 za latitudo na digrii 2.2 za longitudo, na kwa kuwa vi karibu na ikweta, kila digrii ni kama kilomita 111. Kanuni ya Pythagoras itawafikisha kwenye kilomita 278. Wakishapata hizo, na waulizwe kwa nini dereva wa basi, apitaye Nakuru na Kericho, huenda kilomita zinazokaribia 350.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, wamtaka mwanafunzi aoanishe somo na maisha. Hata hivyo, maswali ya aina ya lile langu bado nayaona madaftarini mwa wajukuu. Mwalimu aliye Lodwar, Malindi au Wajir ana uwanja wa ndege karibu naye. Na awape wanafunzi wake umbali na ratiba kwa pamoja, kisha anyamaze wabishane.

Yule msichana alihamia shule nyingine kabla ya mwaka kwisha. Alama zake mbili ningali nazo.