Maji ya mfululizo, lakini mfululizo upi?

Na Neema Chilongani

Mkulima wa Bahi akiambiwa mvua itanyesha siku tano mfululizo, hatarajii inyeshe usiku na mchana. Anaelewa kwamba kila siku kati ya hizo tano ataiona mvua. Itakatika, jua litawaka, kisha itarudi. Mkazi wa Nkuhungu akiambiwa maji yatatoka siku tano mfululizo, anaelewa jingine kabisa: saa yoyote atakayofungua bomba, maji yapo. Wote wawili wana haki. Wenye kosa ni wanaotangaza habari za maji bila kusema ni mfululizo wa namna gani.

Huku kwetu Dodoma pengo ndilo habari yenyewe. Msimu wa mvua ni mmoja tu, Novemba hadi Aprili, na kwa mwaka tunapata kiasi cha milimita 600 au pungufu. Kiasi hicho kinaweza kutimia na bado ukakosa gunia moja, kwa kuwa mvua ilikatika wiki tatu mahindi yakiwa kwenye mbelewele. Wazee wa Kigogo hawakung'ang'ania mtama na uwele kwa ukaidi. Mazao hayo huvumilia pengo ambalo mahindi hayaliwezi. Mamlaka ya Hali ya Hewa naipongeza hapa: utabiri wake wa msimu huwaonya wakulima waziwazi kuhusu vipindi virefu vya ukavu.

Kwenye mabomba hatujafika huko. Tangazo la huduma ya mfululizo halimsaidii mama anayepiga hesabu kama anunue simtanki au alipe ada ya shule kwanza. Kama maji yatatoka kila siku kwa saa sita, mwambieni kila siku, saa sita, kuanzia saa fulani. Kama hayatakatika kabisa, mwambieni hivyo, naye awe na haki ya kuuliza yakikatika.

Tena chanzo chenyewe hakina mfululizo. Visima vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, vinainywesha Dodoma tangu miaka ya 1950, na pampu huvuta mwaka mzima. Bonde halijai mwaka mzima, wala kila mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliopitia kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji ya visima hivyo, ulionyesha kwamba kinacholijaza hasa ni misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Katikati ya misimu hiyo kina hushuka, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 wanywaji tumeongezeka sana.

Kwa hiyo anayetuahidi maji yasiyokatika atueleze, miaka ambayo bonde halijazwi, pengo litazibwa na maji gani, na bwawa la Farkwa kule Chemba litaanza lini kuchangia.