Mwaka Mpya wa Ndege Uanzie Miasenyi

Wapenda ndege wana ada yao: kila ifikapo tarehe mosi Januari hufungua daftari jipya, na orodha ya mwaka uliopita, hata ikiwa imesheheni mamia ya majina, huwekwa kando, kiasi kwamba shore wa uani na kunguru wa jalalani, ambao mwezi wa Desemba hakuna aliyewatupia jicho, huandikwa tena kwa furaha kama wageni waliofika jana. Ada hiyo naisifu. Nisichokisifu ni ile pupa ifuatayo, mtu kuhangaika na gari kutoka mbuga hii hadi ile ili apate kujifakhiri kwa idadi. Na rai yangu kwa wakazi wa Voi, Maungu na hata Mombasa ni kwamba mwaka huu waanze kwa safari za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, tena waende mahali pamoja mara kwa mara, napo pawe Miasenyi.

Najua wako watakaostaajabu. Aghalabu abiria huijua Miasenyi kuwa ni kituo baina ya Mariakani na Voi ambapo, tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017, garimoshi la vituo vya kati husimama kitambo kisha likashika njia, na dirishani hakuonekani ila miiba, udongo mwekundu na vichuguu vya nyika ya Taru, ambayo misafara ya zamani iliihofu kwa kiu. Lakini Januari, vuli ikiwa imepita punde, nyika hiyo si fukara. Humo yumo kwenzi mwenye mgongo wa buluu na tumbo la manjano mfano wa dhahabu, ambaye makazi yake hayavuki nchi kame za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Na yumo kanga yule mwenye kichwa cha upara kama cha tumbusi, huku kifuani amevaa buluu ambayo sultani angeionea wivu.

Ila mimi nikiulizwa ni nani hasa wa kufuatwa huko, nitamtaja hondohondo. Mtaalamu Anne Rasa, aliyefanya uchunguzi katika nyika hii hii ya Taru na kuuchapisha mwaka 1983, aliona kwamba hondohondo hufika asubuhi kwenye kichuguu walimolala nguchiro wadogo, wakawangoja watoke, na wakichelewa sana huwaamsha. Kisha hutoka pamoja kutafuta riziki: nguchiro hupekua majani, panzi huruka, hondohondo hudaka, na malipo ya ndege ni ulinzi, kwa kuwa mwewe akitokea hupiga ukelele, na la ajabu ni kwamba hupiga hata kwa mwewe asiyemdhuru yeye hondohondo bali humla nguchiro tu. Mambo ya namna hiyo hayaonekani na mtu apitaye mbio. Huonekana na aliyeketi kivulini mbele ya kichuguu kimoja tangu alfajiri, naye anayetoka Voi kwa matatu ya mapema ana fursa hiyo kuliko sisi tutokao pwani, maana garimoshi hutufikisha jua limekwisha panda.

Hadhari ni lazima. Tembo wa Tsavo hawatambui mipaka, na ardhi nyingi huko ni za ranchi zenye wenyewe. Kwa hiyo mtu aombe ruhusa, na aandamane na mwenyeji.

Kuhusu faida, kuna mradi wa ramani ya ndege wa Kenya ulioigawa nchi katika vipande vya mraba vya takriban kilomita 9 kila upande, na raia yeyote aweza kupeleka orodha ya kipande chake. Orodha moja huonyesha waliokuwapo siku hiyo. Orodha za kipande kimoja, mwezi baada ya mwezi, huonyesha nani ameanza kupungua. Watu wa Taita wanayo sababu ya kulijali jambo hili, kwani juu ya milima yao, katika mabaki ya misitu kama Mbololo na Ngangao, wanaishi ndege wasiopatikana penginepo duniani, na mmoja wao, yule mdogo aitwaye na wataalamu Apalis fuscigularis, yumo katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Mbololo si mbali na Voi, nayo yafaa kuwa safari ya Februari.

Halafu kuna wageni wa kaskazi. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 wataalamu hungoja usiku wa ukungu, Novemba na Desemba, ndege watokao Ulaya na Asia washuke kwenye taa za hoteli, wawavishe pete miguuni na kuwaachilia. Wageni hao huanza kurejea kwao Machi na Aprili, na mwenye daftari huko Miasenyi aiandike tarehe aliyomwona wa mwisho.