Mkombozi Ni Yule Anayelipa

Kila fildi ikikaribia, kampasi yetu hushikwa na homa. Fulana zinachapishwa, magrupu ya WhatsApp yanafunguliwa, na kila mtu ghafla ana mradi wa "kumkomboa mkulima wa Uluguru". Mwaka jana niliona bango lililosema tunapanda mlimani kupeleka mwanga. Jamani, jua la asubuhi linawafikia wao kabla halijatufikia sisi!

Sina ugomvi na moto wa vijana. Ila Kiswahili kina majina mengi ya moto huo, na hayalingani. Mwenye ari tunamsifu. Mwenye jazba tunamwambia akae kwanza, anywe maji. Mkereketwa tumemzoea kwenye siasa: jambo linamkereketa kooni mpaka alitoe. Mwenye kiherehere ndiye yule anayeingilia shughuli asiyoitiwa. Wengi hudhani tofauti yao ni kiasi cha moto: ukiwa wa wastani ni ari, ukizidi ni kiherehere. Mimi nasema tofauti ni nani analipa mambo yakiharibika.

Chukua neno lenyewe, kukomboa. Mtu hukomboa kitu kilichowekwa rehani, na hakikomboi kwa hotuba, anatoa hela. Kwa hiyo mkombozi ni mtu aliyetoa cha kwake. Asiyetoa kitu tumtafutie jina lingine.

Milima hii imeshawaona watu wa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Nia haikuwa mbaya: udongo ulikuwa unamomonyoka, na mito ya huku ndiyo inayolisha Ruvu. Maofisa waliamini kabisa kwamba wanawaokoa Waluguru. Wakaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi, na asiyechimba alikabiliwa na faini. Lakini sehemu nyingi udongo wa juu ni mwembamba. Ukichimba tuta pana unaufukia ule wenye rutuba na kuleta juu ule usiootesha kitu. Aliyechimba ni mkulima, aliyekosa mavuno ni mkulima. Ofisa mshahara wake ulikuwa palepale. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, vurugu zikazuka, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Msiseme basi matuta ndiyo mabaya. Nendeni Mgeta: matuta yapo mpaka leo, yana kabichi na karoti zinazoshuka kwenda sokoni Dar es Salaam. Kule mkulima aliona faida yake, akayatunza mwenyewe. Utaalamu ule ule, ila safari hii mwenye shamba ndiye aliyepiga hesabu.

Na sisi je? Nilipokuwa mwaka wa pili, tulimshawishi bibi mmoja apande mbegu yetu kwenye robo ya shamba lake. Mvua ikachelewa, mbegu ikagoma. Sisi tulipata data, tukaandika ripoti, tukapata alama nzuri tu. Tulipokwenda kumuaga alitukaribisha uji, akasema, "Wajukuu zangu, nyie mmefaulu. Mimi nitakula nini Machi?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tulikuwa na ari kweli, lakini gharama yote ilikaa kwake.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja kwa umoja wetu kabla ya fildi ya mwaka huu. Tuanzishe mfuko mdogo, kila mmoja akate kidogo kwenye bumu lake. Yeyote anayejaribu kitu kwenye shamba la mtu akubaliane naye kabla, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: kikishindikana, mfuko unafidia mavuno yaliyopotea. Najua mtasema bumu lenyewe halitoshi. Ni kweli, halitoshi. Lakini robo ya shamba la bibi nayo haikutosha, na tuliichukua bila kumuuliza angeishije bila hiyo.

Atakayekubali kuchangia, apande mlimani na fulana yake, na aandike "mkombozi" akitaka. Atakayekataa apande pia, milima haina geti. Ila aandike tu "mgeni", na akifika asikilize kwanza.