Mgeni akirudi kwao, mtoto kiziwi anabaki na nani?

Kijana akitoka Ulaya ao Amerika kuja Kisangani kujitolea miezi mitatu kwenye shule ya watoto wenye ulemavu, watu wanamupokea kwa furaha, na ni haki. Lakini iko ulizo moja la kuuliza mbele apande ndege ya kurudi: kazi yake itabaki na nani?

Juu ya mtoto kiziwi, ulizo hilo ni zito zaidi. Nyumbani watu wanaongea Lingala ao Kiswahili, ku shule ni Kifaransa, na yeye hasikii hata moja. Lugha yake ni ya mikono. Mgeni asiyejua alama za hapa anapitisha wiki za kwanza akifundishwa na watoto. Wakati anaanza kuelewa, visa imeisha.

Mgeni mumoja alifanya vingine. Andrew Foster, Mwamerika mweusi, alipata uziwi akiwa na miaka 11, juu ya ugonjwa wa meningiti. Mwaka 1954 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata diploma ya Gallaudet, chuo cha viziwi kule Washington. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi Ghana. Mpaka alipokufa katika ajali ya ndege Rwanda, tarehe 3 Desemba 1987, alikuwa amefungua shule zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika, na Kongo yetu, wakati ule Zaïre, ilikuwa ndani. Ndiyo maana alama za viziwi wengi wa Kongo zina mizizi Amerika.

Foster hangeweza kukaa kila pahali. Alitayarisha Waafrika, pamoja na viziwi wenyewe, wawe walimu. Yeye akienda, wao wanabaki na darasa.

Kwetu, sheria iko. Katiba ya 2006 inalinda watu wenye ulemavu katika kifungu cha 49, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inaeleza haki zao. Lakini karatasi hailipi mwalimu. Yule asiyekuwa kwenye listi ya mishahara ya serikali, akipata kazi ingine, anaenda, na alama anaenda nazo. Mgeni wa miezi mitatu hawezi kuziba shimo hiyo. Anaweza hata kuificha: watu wakiona darasa lina mwalimu, wanafikiri shida imeisha.

Kwa hiyo wakubwa wa shule wasiogope kuweka masharti. Mgeni afundishe pamoja na mwalimu wa hapa, siyo pahali pake. Asipige picha ya mtoto bila ruhusa ya wazazi. Akileta mashine ya braille ao kiti cha magurudumu, aache mutu anayejua kukitengeneza.

Na wazazi, kutoka Mangobo mpaka Lubunga, wasichoke kuuliza serikali: mwalimu wa watoto wetu atalipwa lini? Ulizo hilo halimuhusu mgeni.