Sehemu ya 4: Kutoka 22 hadi 30

Leo naweka chanjo pembeni kidogo, tuongee ripoti za shule.

Juzi mama mmoja alikuja kliniki na mtoto mgongoni. Anatafuta kadi kwenye mfuko, ikadondoka ripoti ya binti yake wa Kidato cha Pili. Hisabati: 22. Akaniambia, "Nesi, nimemwambia muhula ujao alete 80, la sivyo aende kulima vitunguu Mang'ola."

Nikamwonyesha kadi ya mtoto. Uzito ukishuka, huwa nakwambia mwezi ujao aongeze kilo tano? Hapana. Tunaangalia alipo, tunapanga hatua anayoiweza, halafu tunapima tena.

Kule Zanzibar watafiti waliwapa wanafunzi wa sekondari nafasi ya kujiwekea malengo ya alama za hisabati. Wengine waliahidiwa pia tuzo ya kutambuliwa, siyo hela. Waliojiwekea malengo walijituma zaidi na kutumia muda wao vizuri. Ila alama hazikupanda kwa kiasi cha kueleweka. Sababu mojawapo: karibu theluthi mbili waliweka malengo yasiyolingana na hali yao. Na pale tuzo ilipoongezwa juu ya lengo, juhudi haikuwa kubwa kama ya wale wenye lengo peke yake.

Kwa hiyo mama angu, usijilaumu kwamba mbaazi haijauzwa na huna hela ya zawadi. Mtoto anahitaji zaidi lengo analoliweza na mtu wa kulifuatilia.

Fanya hivi. Kaa naye jioni, ripoti ikiwa mkononi, bila kugomba. Mwache aseme mwenyewe lengo lake. Akitaja 80, mrudishe taratibu. Aliyepata 22 alenge 30, maana hapo ndipo anatoka F anaingia D. Muulize ni mada ipi inamsumbua, na nani darasani anaweza kumwelekeza. Mpunguzie kuchota maji siku mbili kwa wiki apate kusoma. Akifika 30, bibi yake asikie. Kisha mpange 45.

Hebu fikiria: mtoto aliyeambiwa 80 akipata 31, anarudi nyumbani amefeli. Aliyelenga 30 akipata 31, anarudi anakimbia. Alama ni ileile jamani, ila mmoja ataendelea na shule.

Wewe mwanao alipata ngapi, na ulimwambia nini?