Runinga kubwa ya gemu: pima chumba kabla ya kufungua mkoba

WAHENGA hawakukosea waliponena kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Msemo huo ulinijia Jumamosi ya majuzi nilipokuwa nimeketi kwa mama mmoja wa mtaa wa Kawangware, karibu na kituo cha 46, nikimsikiliza yeye na mwanawe wakivutana kuhusu runinga.

Zamu ya mama huyo ya kupokea pesa za chama ilikuwa imewadia. Sehemu ya pesa hizo ilikuwa ya karo ya binti yake. Iliyosalia alikuwa amemwahidi kijana wake, mwanafunzi wa chuo, kwamba angemnunulia kioo kipya cha kompyuta yake, ambayo huitumia kwa masomo mchana na kwa gemu jioni. Kijana alitaka runinga ya inchi 65 ya 4K, wala hakutaka kusikia jingine.

"Mwanangu, hiyo utaiweka wapi?" mama akauliza. "Ama tutahama sisi ili runinga ipate kukaa?"

"Mama, siku hizi hakuna anayecheza kwa kioo kidogo."

Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, kana kwamba nilikuwa hakimu.

Msomaji mpenzi, ugomvi wa aina hii umo katika nyumba nyingi za jiji letu. Runinga za kisogo zimetoweka sebuleni, na vijana wamegundua kwamba runinga ya kisasa huweza kuunganishwa na kompyuta kwa waya mmoja. Hilo ni kweli. Lakini runinga iliyo nzuri kwa kutazama taarifa ya habari si lazima iwe nzuri kwa gemu, na iliyo kubwa si lazima ikufae.

Sikutoa hukumu. Niliomba futi ya kushonea, tukapima. Chumba chao ni cha futi kumi kwa kumi, yaani kama mita 3 kila upande, na pazia limetenga kitanda. Kutoka kiti cha meza ya kompyuta hadi ukutani ni mita moja tu. Kutoka kwenye kochi ni mita 2 na ushei.

Runinga ya inchi 65 ina upana wa takriban sentimita 144. Ukiketi mita moja mbele yake, utakuwa unageuza shingo kushoto na kulia kama mtazamaji wa tenisi, na adui atakayetokea pembeni atakumaliza kabla hujamwona. Ile ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi, na macho hulimudu eneo hilo bila taabu.

Je, hiyo 4K ni nini hasa? Picha ya runinga hujengwa kwa vitone vidogo. Kioo cha kawaida cha Full HD kina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Kioo cha 4K kina 3,840 kwa 2,160, jumla yake zaidi ya milioni 8, na hiyo ni mara nne. Runinga ya 4K ya inchi 43 ni sawa na kupanga vioo vinne vya kompyuta vya inchi 21.5 viwili juu na viwili chini, bila mpaka kati yake. Kwa anayeketi mezani, huo ni utajiri: maandishi ni safi na uwanja ni mpana.

Lakini ukirudi nyuma hadi kwenye kochi, zaidi ya mita 2, jicho la kawaida halitofautishi tena 4K na Full HD kwenye kioo cha inchi 43. Kwa hivyo swali la kwanza si inchi ngapi, bali utaketi wapi.

Swali la pili ni la kompyuta yenyewe. Vitone mara nne ni mzigo mara nne. Mtu wa mkokoteni aliyezoea gunia moja, ukimpakia manne atafika, lakini lini? Kompyuta nyingi tunazonunua Nairobi ni za mitumba zilizotoka katika ofisi za ng'ambo, na hazikuundwa kwa ajili ya gemu. Ukizilazimisha kuchora gemu nzito kwa 4K, picha hukwama-kwama. Dawa yake ni kuiweka gemu kwenye 1,920 kwa 1,080. Hesabu yake hugawanyika sawasawa, kila kitone kikichukua nafasi ya vinne, na kazi za masomo hubaki kwenye 4K.

Alasiri hiyo nilimchukua kijana tukafunga safari hadi Kibera, upande wa Makina, kwa jamaa anayeendesha kibanda cha gemu. Vijana walikuwa wamebanana kwenye benchi wakicheza ule mchezo wa kandanda ulioitwa FIFA hadi 2023, ulipobadilishwa jina kuwa EA Sports FC. Nilitarajia kukuta kioo kikubwa kama mlango. Nilikuta cha wastani, kimewekwa juu ya meza kwa sababu ukuta wa mabati hauaminiki kubeba runinga nzito.

"Dada, wateja wangu hawalipii inchi," akaniambia. "Wanalipia mpira unaotii kidole."

Hapo ndipo kijana wetu aliponyamaza. Runinga hupenda kuirembesha picha kabla ya kuionyesha, na urembo huo huchukua muda. Kwa filamu hutajua. Kwa gemu, runinga inayochelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde inakuonyesha mambo yaliyokwisha kupita: umebonyeza, kipa ameruka, nawe bado unasubiri. Runinga nyingi za kisasa zina mpangilio wa gemu, ambao huzima urembo huo. Kama haunao, usiinunue kwa kazi hii hata ikiwa kubwa kama ukuta.

Ukienda dukani, basi, usiridhike na video ya maua na samaki wanayokuwekea. Beba kompyuta na waya wako, kisha ufanye haya:

Kwanza, washa mpangilio wa gemu na uzungushe kipanya. Mshale ukiufuata mkono wako bila kuvuta miguu, vyema.

Pili, ingia kwenye mipangilio ya kompyuta uone kama inasoma 3,840 kwa 2,160, na picha 60 kwa sekunde. Ikisoma 30, shida huenda ni waya au tundu. Njia ya HDMI 1.4 huishia 30 kwa picha za 4K, 2.0 hufika 60, 2.1 hufika 120. Usidanganyike na namba kubwa za mwendo zilizoandikwa kwenye boksi; uliza kioo chenyewe hubadilisha picha mara ngapi kwa sekunde.

Tatu, andika maneno mekundu juu ya rangi ya buluu. Yakionekana yamefifia kingo, runinga inazibana rangi. Jaribu kulipa tundu hilo jina la PC kwenye menyu. Lisipokusaidia, endelea kutafuta.

Nne, hakikisha pembe zote nne za picha zinaonekana, kisha simama kando utazame. Nyumba ya chumba kimoja ina watazamaji wa kila upande.

Mwisho, usisahau stima. Kompyuta ya gemu pamoja na runinga zikila wati 400, saa tatu kila jioni ni yuniti 1.2, na tokeni hazinunuliwi na upepo. Aidha, mitaani kwetu stima hupotea na kurudi kwa kishindo. Kifaa cha kuikinga runinga ni bei ndogo kikilinganishwa na kilio cha kioo kilichoungua. Wala usiiweke runinga chini ya bati linalovuja.

Jumapili iliyofuata mama alinipigia simu. Walinunua ya inchi 43, baada ya kijana mwenyewe kuikataa ya kwanza kwa sababu ya yale maneno mekundu. Karo haikuguswa, na chenji ilitosha kununua kifaa cha kukinga stima.

"Na anakuachia utazame habari?" nikamwuliza.

"Dadangu, saa moja jioni ni yangu," akajibu. "Tuliandikiana."

Hadi Jumapili ijayo, tuonane panapo majaliwa.